Kilema cha Kompyuta Mama

Mwalimu wa kompyuta alifia rumande kwa wizi ambao hakuufanya.

Watu wa leseni walikuja na polisi katikati ya somo, wakawasha kompyuta za darasa moja baada ya nyingine, na kila moja ikakutwa na mfumo wa kuibwa, yote imefunguliwa kwa namba ile ile ya bandia. Stika za leseni zilizokuwa chini ya mashine zilikuwa zimekwanguliwa kwa wembe. Mwalimu alisema mifumo yake aliinunua dukani kwa jasho lake. Wakamuuliza, iko wapi? Wakamtia pingu mbele ya wanafunzi wake. Alikuwa mgonjwa wa sukari, anaishi kwa sindano, na sindano hazikumfikia. Alfajiri mlinzi wa mahabusu alimgusa kwa ncha ya kiatu ili aamke kufagia, akaona haamki.

Kesi ikafa naye, maana maiti haishtakiwi. Mashine zikarudishwa kwa mjane, zikabwagwa varandani kama magunia ya mkaa. Jina halikurudishwa. Ukutani mwa chuo mtu alikuwa ameandika CHUO CHA WEZI, na mvua zote zilizonyesha hazikuyafuta maneno hayo.

Mjane huyo alikuwa mdogo wake Sajini, baba mmoja mama mmoja.

Sajini mwenyewe hakuwa sajini tena. Upolisi aliuacha zamani, lakini cheo kilimng'ang'ania kama harufu ya samaki kwenye kikapu. Siku hizi alipeleleza kwa kukodiwa: matajiri wanaoibiwa na makarani wao, wake wanaotaka kujua waume wanalala wapi. Hii hakukodiwa. Alikuja na begi moja, akaketi kwenye benchi la darasani, akamuuliza dada yake swali moja.

"Unataka nini?"

"Nimwone aliyefanya hivi."

"Halafu?"

"Wewe nionyeshe tu, kaka. Ya halafu niachie mimi."

Sajini akaitikia kwa kichwa. Na yeye alikuwa na ya halafu yake, nayo ilikuwa kwenye ngumi.

Alianzia kituoni. Konstebo wa kaunta alikuwa anakula biskuti, makombo yametapakaa kifuani kama nishani.

"Sindano za marehemu ziliishia wapi?" Sajini akamuuliza.

"Sindano gani, afande?"

"Familia ilituma dawa jioni ile ile. Kwenye kifuko cha bluu."

"Hapa hakikuja kifuko cha bluu wala cha kijani. Kingekuja ningekipokea kwa mikono miwili. Mama yangu mwenyewe anajidunga."

"Aliyeleta anasema mlimfukuza."

"Basi mwambie aje aniambie hivyo nikimtazama."

Aliyetumwa na dawa alikuwa mdogo wa marehemu, ambaye nyumba nzima ilimwita Baba Mdogo kwa ajili ya watoto. Alikuwa amelia msibani mpaka sauti ikakauka, akieleza jinsi alivyofukuzwa kaunta kama mbwa. Sajini aliwajua polisi wa kaunta, alikuwa mmoja wao, na kukana ndiyo chai yao ya asubuhi. Akamweka konstebo miongoni mwa watu wa kuwarudia baadaye, kwa habari ya meno yao.

Kutoka hapo akaenda kwa mkaguzi wa leseni. Alikuwa mama mwenye miwani, ofisi yake baridi kama bucha.

"Nani aliwaambia mwende kwa Mwalimu?"

"Mtu alipiga simu."

"Jina?"

"Hatuulizi jina. Tunauliza namba ya kumtumia zawadi yake."

"Mkamtumia?"

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hapo ndipo nilipostaajabu. Wote huulizia zawadi kabla hata ya salamu. Huyu aliikataa. Akasema, pesa zenu kaeni nazo, mimi naomba kitu kimoja tu: mwende wanafunzi wakiwa ndani."

"Sauti ya mwanamume?"

"Ya mwanamume, amefunika mdomo na kitambaa. Alisema neno hilo mara mbili. Wanafunzi wawe ndani."

Sajini alirudi kwa miguu ili apate kufikiri. Mtu anayeuza siri ni mfanyabiashara kama wafanyabiashara wengine. Anayeitoa bure, na anachagua hadhira, huyo ana donda. Halafu kulikuwa na kufuli. Aliyebadilisha mifumo aliingia usiku wa kuamkia msako, na kufuli la darasa halikuvunjwa. Ufunguo mmoja ulikaa mfukoni mwa Mwalimu, wa pili ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Fundi wa mashine aliujua msumari huo. Na Mkurugenzi, mwenye chuo kikubwa cha ng'ambo ya barabara, aliujua pia, kwa sababu kabla hawajagombania wanafunzi alikuwa rafiki wa nyumba, anaingia mpaka jikoni na kufunua sufuria.

Alimkuta dada yake darasani. Alikuwa amezipanga mashine mezani kama zamani, amezifuta vumbi, na amewasha moja ili aandike tangazo la kuwaambia wazazi kwamba chuo kimefungwa.

"Kaka, hebu njoo uone uchawi."

Yeye ndiye aliyekuwa akifundisha uchapaji. Vidole vyake vilijua vitufe kama ng'ombe wanavyojua zizi; aliandika huku anakutazama usoni na kukugombeza.

"Natafuta herufi kubwa za kichwa cha tangazo," akasema. "Nabonyeza kile cha kuzifungia, hiki cha kushoto, jirani yake a. Tazama kinachotoka."

Akabonyeza. Kwenye kioo ikatokea a. Akabonyeza tena. a nyingine.

"Kimeharibika," Sajini akasema.

"Nilidhani hivyo. Njoo kwenye hii." Mashine ya pili, kitufe kile kile, a. Ya tatu, a. Alizunguka darasa zima, na kila mashine ikamjibu jibu moja. "Zote kwa pamoja, kwa namna moja? Hata mafua hayaambukizi hivyo."

"Nieleze kama unavyowaeleza wanafunzi wako wajinga."

"Ndiyo ninavyokueleza siku zote." Kwa mara ya kwanza tangu msiba mdomo wake ulikaribia kucheka. "Sikiliza. Hakuna mwizi anayeweka mfumo kwenye darasa zima mashine kwa mashine. Angechoka. Anaiandaa moja, anaiwekea mfumo, namba ya bandia, kila kitu. Hiyo ndiyo wanaiita kompyuta mama. Kisha anamnakili mama mzima mzima kwenda kwa wengine. Watoto wanamrithi mama kila kitu, mpaka saa yake ikiwa imechelewa, na zao zinachelewa."

"Na mama huyu ana kilema."

"Kitufe chake cha a kimekufa. Utaandika nini kwa lugha yetu bila a? Hata mama huwezi kumwandika. Basi mwenyewe akaiamuru mashine: nikigusa cha jirani, nipe a. Akazoea. Alipozoea akasahau. Akanakili, na kilema kikaja pamoja na mama."

"Kwa hiyo nikiipata kompyuta iliyofiwa na a..."

"Umempata mama," dada yake akasema. "Na mwenye mama."

Kibanda cha fundi kilikuwa na kibao HOSPITALI YA KOMPYUTA, ndiyo maana watu walimwita Daktari. Wagonjwa wake wengi walikufa, ila hawakuwa na jamaa wa kumshtaki. Mifumo ya kuibwa aliiuza mchana kweupe, flashi zimepangwa mezani kama ndizi.

Sajini aliingia, akafunga mlango kwa kisigino, akaanza kupekua bila kuomba ruhusa. Chini ya meza akakuta kibodi. Ilikuwa na vitufe vyote isipokuwa kimoja. Akaitazama mara mbili. Halafu akamshika Daktari ukosi akambana ukutani.

"Hii a iko wapi?"

"A ipi... afande, napumulia wapi sasa?"

"Ulimnakili mama kwenye darasa la Mwalimu. Sema."

"Hiyo kibodi ni maiti! Natoa viungo, nawawekea wengine! Tazama, na kesho itakosa e." Daktari alikohoa, akaonyesha kwa kidole lundo la kibodi pembeni. "Kibodi nzima hiyo hapo, bei ya soda na mkate. Fundi gani ahangaike kuihamisha herufi? Ukikuta mtu amehamisha herufi, huyo ni mwenye laptopu. Kibodi ya laptopu imeungana na mwili. Kuibadilisha ni upasuaji, na upasuaji wangu ni ghali, uliza watu."

Sajini hakumwachia, ila alilegeza kidogo.

"Mimi ni mwizi wa mifumo, sikatai," Daktari akaendelea. "Lakini Mwalimu alinipa kazi ya kusafisha mashine zake kila muhula. Nimtie ndani halafu nisafishe za nani? Na ningekuwa mimi niliyepiga ile simu, ile zawadi yao ningeichukua. Haki ya Mungu ningeichukua na nauli juu."

Hapo Sajini akamwachia, kwa sababu lilikuwa neno la kweli. Mtu wa kukataa zawadi hakuwa huyu.

Akabaki Mkurugenzi. Sajini alivuka barabara akiwa na uhakika wote, na uhakika wa Sajini ulikuwa mzito kuliko mwili wake. Mlango wa kioo, mapazia, sekretari. Mlangoni tangazo jipya: waliofungiwa chuo wanakaribishwa hapa. Mwenyewe alikuwa bonge la mtu, kiti kinalia chini yake.

"Pole sana na msiba, Sajini. Mwalimu alikuwa ndugu."

"Ndugu huyo umeshawachukua wanafunzi wake?"

"Kondoo wasio na mchungaji, nifanyeje? Niwaache waliwe?"

Laptopu mezani pake ilikuwa mpya, ingali na karatasi yake ya nailoni kwenye mfuniko. Sajini akaigeuza bila kuuliza. Vitufe vyote vizima.

"Ya zamani iko wapi?"

"Nimeiuza."

"Lini? Kwa nani? Ilikuwa na ubovu gani?"

"Sajini, ilikuwa kuukuu, na mnunuzi alikuwa mpita njia. Nitakumbuka kila anayenunua vitu vyangu?"

Sajini alirudi kwa dada yake anachemka. "Ndiye. Amemwuza mama. Ameuza ushahidi."

Dada yake alikuwa amekaa mbele ya mashine, mikono juu ya vitufe bila kuandika. "Kompyuta inauzwa, kaka. Vidole haviuzwi. Mlete hapa akae na watoto wa mama. Mwambie aandike maelezo yake mwenyewe, kichwa kwa herufi kubwa. Usiku umeme ukikatika nyumbani kwa watu, nani anajikwaa?"

"Mgeni."

"Na mwenyeji?"

"Anapita tu," Sajini akasema polepole.

Mkurugenzi alikuja kesho yake, amevaa tai, na akatandaza kitambaa kwenye benchi kabla ya kukalia. Daktari pia aliitwa ili isionekane ni mtego wa mtu mmoja. Daktari alitangulia. Alibonyeza kitufe cha herufi kubwa, akapata a, akabonyeza tena, akapata a, akapasuka kwa kicheko: "Loo! Kumbe ndiyo hii! Nani kamfanyia hivi mnyama huyu?" Mkurugenzi aliandika kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa. Alifika kwenye kitufe kile, akapata a, akakibonyeza kwa hasira mpaka mstari ukajaa.

"Mashine zenu zina mashetani," akasema, anafuta jasho. "Ndiyo maana wanafunzi wamehama."

Sajini alimtazama dada yake. Dada yake akatikisa kichwa. Mgeni. Amejikwaa.

Walipoondoka, Sajini alibaki analitazama benchi tupu. Alimtaka Mkurugenzi. Alikuwa ameshachagua hata mfupa wa kuanzia.

Mlango ukagongwa, akaingia Baba Mdogo na begi lake begani, macho mekundu kama kawaida yake tangu msiba. Kila siku alipita kumwona mama yake, aliyehamia kwa mjane tangu mazishi.

"Nimemwona Mkurugenzi anatoka," akasema. "Ndiye, sivyo? Mimi nilisema tangu kwanza! Yule mtu alimwonea kaka wivu mpaka wa viatu."

"Hatuna la kumshika nalo," Sajini akasema kwa uchovu.

"Tumwandikie mkuu wa polisi barua. Barua kali, ya familia. Tukikaa kimya watasema tumekubali. Niachie niandike mimi, shemeji."

"Andika basi," Sajini akasema. Hakuwa na mtego kichwani. Alikuwa na kiu tu, na barua ni barua.

Baba Mdogo akaketi pale pale alipotoka Mkurugenzi, akaweka begi miguuni, akavunja vidole, akaanza. Alikuwa mwepesi. Vitufe vililia kama mvua ya kwanza juu ya bati. Aliandika kichwa kwa herufi kubwa, mkono mmoja umekandamiza kitufe cha kupandisha, kisha akateremka kwenye barua yenyewe, midomo inacheza: muuaji, mnafiki, adui wa familia yetu.

Sajini alisikia mvua. Dada yake, aliyekuwa anafuta ubao, alisikia kitu kingine. Miaka yake yote alifundisha watu kuchapa amewapa kisogo, na masikio yake yalijua kila anayejikwaa bila kugeuka. Huyu hakujikwaa. Akaacha kufuta. Akaja polepole, dasta mkononi, akasimama nyuma ya benchi.

"Shemeji," akasema, "mashine haikusumbui?"

"Hii? Wala. Iko safi kabisa."

"Wote waliokaa hapo leo wamelalamika."

"Hawajui kuandika hao." Vidole havikusimama.

"Mimi mwenyewe nimelalamika."

Hapo vikasimama. Mjane akainama, akamshika kifundo cha mkono wa kushoto kwa upole, kama anavyomshika mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kidole cha mwisho cha Baba Mdogo kilikuwa kimelala juu ya kitufe cha pembeni, kimetulia, kiko kwao.

"Kidole hiki," akasema. "A iko hapa. Chako kinakwenda wapi?"

Baba Mdogo alikitazama kidole chake kama vile si chake. Kioo kilikuwa kimejaa a, zote mahali pake. Sajini hakuwa mtu wa kompyuta, lakini nyuso aliweza kuzisoma, na uso ule ulikuwa umeshakiri wakati mdomo ungali unatafuta la kusema.

Alikwenda akafunga mlango kwa komeo. Akalichukua begi, akatoa laptopu, akaifungua juu ya meza. Penye a palikuwa na pengo, kama jino lililong'oka, na ndani yake kipande cha njiti ya kiberiti kuzuia vumbi.

"Mama huyu hapa," Sajini akasema.

Akaligeuza begi chini juu ili alimalize. Zikaanguka waya, kitana, na kifuko cha bluu. Kilikuwa kimejaa flashi.

Mjane alikiokota. Alikishona mwenyewe kwa kitambaa cha sare ya chuo, mshono wa kurudi nyuma ili kisifumuke, na ndani alikitia sponji ya kushika baridi. Alimkabidhi shemeji yake jioni ile mlangoni, akamwambia, kimbia.

"Konstebo hakusema uongo," Sajini akasema.

"Shemeji, nisikilize," Baba Mdogo akasema, na hakujulikana anamwambia yupi kati yao. "Sikutaka afe. Naapa. Mnajua alivyokuwa akinifanyia. Kila muhula, siku ya kwanza, darasa limejaa: mwizi wa mfumo ni mwizi kama wengine, hata mdogo wangu ni mwizi. Kila muhula! Mchumba wangu alikuwa amekaa benchi lile pale. Alimsikia. Kesho yake akanirudishia pete kwa mkono wa rafiki yake, hata kuniona hakutaka. Kaka nikamfuata, nikamwambia umeniharibia. Akasema, acha wizi, utapata mwingine. Kama vile ni viatu."

"Ukataka na yeye aitwe mwizi," Sajini akasema.

"Mbele yao. Mara moja tu. Aonje."

"Na dawa?" mjane akauliza.

Baba Mdogo akaanza kuziokota waya zilizoanguka.

"Nimekuuliza dawa."

"Nilifika mpaka kwenye ngazi za kituo," akasema. "Nikasema, akilala usiku mmoja na homa yake ataonja vizuri. Asubuhi nitazileta. Asubuhi nilizileta, shemeji! Nikakuta kituo kizima kimesimama, na wewe umeketi chini unalia."

"Ukazitupa sindano. Mbona kifuko ulikiweka?"

Baba Mdogo alijibu upesi mno, kabla ya aibu kumfikia. "Nilihitaji cha kuwekea flashi."

Sajini akavua saa yake, akailaza mezani kwa uangalifu. Akakunja mikono ya shati. "Dada, toka nje kidogo."

"La. Vaa saa yako, kaka. Tulikubaliana." Hakupandisha sauti. Alikuwa anakikunjua kifuko kwa vidole, anazitoa flashi moja moja, anazipanga juu ya meza. "Wewe ungempiga, angepona. Shemeji, futa barua hiyo. Andika nyingine. Yote uliyosema hapa, tangu pete mpaka ngazi za kituo. Kichwa kwa herufi kubwa. Wewe mashine haikusumbui."

Aliandika. Mvua ilikuwa imekwisha, sasa yalikuwa matone. Karatasi ilipotoka kwenye printa, mjane aliisoma, akasahihisha tarehe, akamtia kalamu mkononi aweke sahihi. Baba Mdogo akanyoosha mikono kwa Sajini mwenyewe, kama anaomba pingu.

"Twende kituoni," akasema.

"Bado," mjane akasema. "Kwanza twende ukamsomee mama."

Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, kati ya nyaya. "Shemeji, nipelekeni polisi. Nipigeni, niueni. Mama hapana. Atasikia kwa watu, polepole. Nakuomba kwa ajili ya kaka."

"Uliomba wanafunzi wawe ndani," mjane akamjibu. "Mimi naomba mama awe ndani."

Sajini alikuwa ameona kupigwa kwingi maishani mwake, na mara nyingine mpigaji alikuwa yeye. Hakuwahi kuona kama hili. Alimwinua mtu yule kwapani, akampeleka.

Mama yake, bibi wa watoto, alikuwa chumba cha uani, ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo. Macho yake hayakuona vizuri tena. Alichambua kwa vidole. Aliwatambua wote kwa nyayo zao, akamwita mwanawe kwa jina la utotoni, akamwambia asogee, kuna chai.

"Ana kitu cha kukusomea, mama," mjane akasema.

Akasoma. Alisoma vibaya, anaruka, na kila aliporuka mjane alimrudisha: hapo, shemeji, umeacha mstari. Vidole vya bibi viliendelea na maharage, bovu huku, zima huku, mpaka kwenye pete, mpaka kwenye simu, mpaka kwenye wembe na stika. Kwenye ngazi za kituo vikasimama.

"Kifuko kiko wapi?" akauliza.

Mjane akampa. Bibi akakipapasa, akaingiza mkono ndani, akakuta kitupu, akakiweka pajani. Hakulia. Alimtafuta mwanawe kwa mkono, akakuta kichwa chake, akakishika muda kidogo, halafu akakisukuma kando bila nguvu, kama mtu anayesukuma sahani akishashiba.

"Mwanangu," akamwambia mjane. "Ungeweza kumpeleka kimya kimya."

"Ningeweza, mama."

"Ukataka niyasikie kinywani mwake."

"Ndiyo, mama."

"Umepona?"

Sajini alimsubiri ajibu, kwa sababu na yeye alitaka kujua.

Kituoni aliyempokea Baba Mdogo alikuwa konstebo yule wa biskuti. Sajini akamwomba radhi kwa ajili ya meno ambayo hakuyavunja, na konstebo, bila kuelewa, akasema si neno afande. Mkaguzi wa leseni alileta mwenyewe barua ya kusema Mwalimu hakuwa mwizi, akaisoma mbele ya wanafunzi, wakiwa ndani. Daktari alikuja na ndoo ya chokaa, akaufuta ukuta bure, kazi ya kwanza ya bure maishani mwake.

Siku ya pili bibi alifunga mzigo wake. Hakugombana na mtu. Alisema anarudi kwake, akatoka na kifuko cha bluu kifuani, na mjane alipotaka kumbebea mzigo mpaka barabarani, bibi akasema unabebeka.

Hesabu yake ni fupi. Bibi alizaa wana wawili: mmoja yuko kaburini, mmoja yuko jela. Watoto wa Mwalimu walikuwa na baba, baba mdogo na bibi. Sasa hawana hata mmoja. Mjane alikuwa na mume, shemeji na mama mkwe. Amebaki na ukuta mweupe, jina safi, na darasa la kompyuta ambazo hadi leo, ukibonyeza kitufe cha pembeni, zinaandika a.